Kiangazi Nuala Alipozunguka Magharibi

Jumapili, 23 Juni 1985

Mvua. Leo ni mkesha wa Mtakatifu Yohane na watu wamewasha mioto yao kwa matairi na mafuta ya taa, maana hakuna kuni kavu katika kaunti nzima ya Roscommon. Naandika kwa sababu sina la kufanya. Matofali ya saruji hayakauki katika hali hii, na vijana wangu watatu wa kazi wameshinda wiki nzima bandani wakicheza karata.

Paa la nyumba ninayojenga lilimalizika Ijumaa. Matofali elfu mbili mia nane na arobaini, yote yametoka uani kwangu ninakofyatulia, na ua wenyewe ulianza na kalibu moja niliyoichonga nikiwa na miaka kumi na minne, mwaka baba alipofariki na mwalimu mkuu akaniambia nisijisumbue kurudi shule. Sikumwomba padri, sikumwomba mjomba, sikumwomba mtu. Sasa wanapita barabarani wanasema, "Jarlath Tansey ana bahati." Wangekuja kuiona hiyo bahati ikipakia mchanga alfajiri.

Nuala alikuja jioni kuliona paa. Alisimama katikati ya jiko lisilo na sakafu, mikono mifukoni, akageuka polepole.

"Kuna mwanga humu," akasema.

Nikamwambia dirisha nimelielekeza kusini kwa ajili yake. Akanyamaza. Nadhani alifurahi.

Miaka sita tuko pamoja. Nitamwomba tuoane kabla kiangazi hakijaisha. Nimeshaandika, sirudi nyuma.

Jumapili, 30 Juni

Mvua.

Jumapili, 14 Julai

Tulikuwa baa sisi wanne kama kawaida: mimi, Nuala, Carmel anayekata nywele mjini, na Malachy Egan, rafiki yangu tangu tukiwa wadogo, ambaye alisoma akawa mwalimu na sasa ana likizo ndefu kuliko ya askofu.

"Tutembee," Nuala akasema ghafla. "Magharibi yote. Tupande mlima wa Mtakatifu Patriki, twende visiwani, tuyaone Majabali ya Moher. Kwa miguu na kwa lifti, tulale hosteli, shanta mgongoni kama wale Wajerumani."

"Mimi nina gari," nikasema.

"Gari lako linanuka saruji," Carmel akasema. "Na wewe unanuka saruji, ila wewe tumekuzoea."

"Nina miaka ishirini na sita," Nuala akasema, "na sijawahi kusimama juu ya Moher. Mjerumani anaijua nchi yangu kuliko mimi. Nataka niende taratibu, niwaone na ndugu zangu wote njiani."

Nikauliza nani atauangalia ua wangu. Malachy alikuwa anaitazama glasi yake ya bia nyeusi kana kwamba imeandikwa kitu. "Twende tu, Jarlath," akasema. "Kwa ajili yake."

Ni kweli hajapumzika tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa Pasaka na wafanyakazi wakapewa mkono wa kwaheri. Halafu nikafikiri: Moher. Hapo ndipo nitakapomwomba. Nikakubali. Wakashangaa wote watatu.

Ijumaa, 26 Julai. Westport

Lifti ya kwanza tumepata kwenye lori la kondoo, wanaume nyuma na kondoo, wanawake mbele. Lifti ya pili, padri mmoja aliyeendesha kama anayekimbizwa. Nimeyapima mashanta yote kwa mkono: la Carmel ndilo zito, ana kikaushia nywele humo. La Nuala ni jepesi mno. Nilimwambia amesahau nusu ya nguo. Akasema anajaribu kuona kama mtu anaweza kuishi na vichache.

Tulikunywa chai kwa shangazi yake, Delia. Nyama baridi, mkate wa soda, keki ya zabibu, sahani zile zinazotolewa Krismasi tu. Wakati wa kuondoka shangazi alimnyunyizia Nuala maji ya baraka mpaka nywele zikalowa, akamshika uso kwa mikono miwili, akashindwa kusema. Halafu akanigeukia.

"Na wewe, maskini kijana. Una moyo mkubwa."

Nikamwambia najitahidi. Inaonekana habari za nyumba zimefika Westport. Wanawake hawa wanajua mtu anataka kuoa kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Jumamosi, 27 Julai

Msimamizi wa hosteli ni mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mpira. Jioni anachukua kadi yako ya hosteli, na asubuhi hakurudishii mpaka umefanya kazi aliyokupangia. Malachy amezoa majivu, Carmel amesugua vyoo huku akiimba kwa hasira, mimi nimefagia ngazi.

"Wewe umewahi kufanya kazi," akaniambia aliponipa kadi.

Ndiyo biashara pekee yenye akili niliyoiona tangu tuondoke nyumbani. Wanaume wanalala huku, wanawake kule, taa zinazimwa mapema. Mvua.

Jumapili, 28 Julai

Jumapili ya mwisho ya Julai, siku ya watu kuupanda mlima. Maelfu. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka magotini mwa mlima na sisi tukaingia ndani yake kama tunaingia kwenye maziwa.

Nuala alivua viatu chini kabisa. Nilimwambia kule juu ni mawe matupu, yale ya kuviringika, na mvua hii.

"Bibi yangu alipanda hivi," akasema.

"Bibi yako alikuwa hana viatu."

Alicheka, lakini hakuvivaa. Wanaopanda bila viatu huwa wana jambo wanaliomba. Nikamuuliza analiomba lipi. Akasema ukitaja linaharibika. Nikajisikia vizuri moyoni, nikidhani nalijua.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukipenda. Malachy ndiye aliyebeba viatu vyake. Kila nilipowaacha nyuma na kugeuka, walikuwa wanaongea vichwa vimekaribiana, na kila nilipowangoja, wakafika wamenyamaza. Kileleni hatukuona hata mkono wetu. Nuala alipiga magoti mawe yakiwa yamemchana miguu, akakaa hivyo muda mrefu, na Malachy akasimama nyuma yake ameshika vile viatu kifuani, macho mekundu. Macho ya Malachy hayawi mekundu kwa Mungu. Namjua.

Jumanne, 30 Julai

Hosteli ya ghuba ya Killary. Bafu moja, watu thelathini na wawili, Mfaransa mmoja ndani.

Alhamisi, 1 Agosti. Galway

Leo ilikuwa zamu ya shangazi mwingine, Sista Benedict, aliyeingia utawani kabla Nuala hajazaliwa. Tulikaa sebuleni kwao, sakafu inang'aa kiasi kwamba Carmel alivua viatu bila kuambiwa. Sista alimuuliza Nuala maswali madogo madogo: anakula? amefuma sweta? ataenda misa kila Jumapili?

"Nitaenda, shangazi."

"Popote?"

"Popote."

Basi yule mama, ambaye inasemekana anatisha darasa zima la wasichana kwa kukohoa tu, akalia waziwazi. Akanishika mkono mlangoni. "Asante kwa kumsindikiza, Jarlath. Wengine wangesusa."

Nililiona neno hilo la ajabu. Wengine wangesusa nini? Kutembea kwenye mvua? Nilimuuliza Carmel tulipofika barabarani, na Carmel, ambaye siku zote ana jibu, alisema viatu vinambana.

Jumamosi, 3 Agosti. Inis Mór

Jua! Saa tatu nzima. Tulipanda mpaka ngome ya kale ya kisiwa, iliyo ukingoni mwa jabali, tukalala kifudifudi na kuchungulia bahari chini. Hakuna ukuta wala kamba. Kule kwangu nisingeruhusu mtu asimame hivyo hata juu ya rundo la matofali. Nuala alijivuta mbele mpaka mabega yake yakapita ukingo. Nilimshika kifundo cha mguu.

"Usiniachie," akasema, bila kunitazama.

"Sikuachii."

"Jarlath," akaanza. Nikangoja. "Hapana. Basi tu. Angalia ndege wale."

Jioni baa. Wanawake walipokwenda kulala nilimshika Malachy nje ukutani.

"Unamtaka?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Umebeba viatu vyake kama masalio ya mtakatifu."

Alinitazama kwanza kama anayetaka kucheka, halafu kama anayetaka kunipiga. "Jarlath, wewe ni mjinga kupita kiasi. Unaweza kuhesabu matofali ya kanisa kwa kulitazama, halafu... Nenda ukaongee naye."

"Kuhusu nini?"

"Muulize yeye."

"Kwa nini nimuulize? Kama mtu ana neno na mimi alilete."

"Mungu wangu," akasema, akaingia ndani.

Miaka ishirini ya urafiki. Nimemnunulia bia mtu huyu siku mama yake alipozikwa. Sasa najua kumbe mtu anaweza kula sahani moja na wewe na bado asikuangalie machoni.

Jumapili, 4 Agosti

Mvua. Meli haikuja.

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua. Meli haikuja. Siongei na Malachy. Ni vigumu kutoongea na mtu mkiwa mmelala kitanda cha juu na cha chini.

Jumatano, 7 Agosti. Doolin

Nitaliandika lote, kwa mpangilio, kama lilivyotokea.

Tulifika mchana kutoka kisiwani. Nuala alisema usiku huu tutakuwa na Mzee Packie, mjomba wa mama yake, anayepiga fidla katika baa ya chini karibu na maji. Tukala samaki na viazi, tukaenda. Baa ilijaa kama pipa la dagaa: Wajerumani na Wamarekani wamekaa sakafuni, mvuke unapanda kutoka kwenye makoti, fidla tatu, filimbi moja, na kinanda cha mkono. Mzee Packie yuko katikati, kofia kichwani, ana miaka themanini na vidole vya kijana. Alipomwona Nuala alisimamisha wimbo katikati. Sijawahi kuona mpigaji fidla akifanya hivyo hata baa ikiungua.

Malachy alinunua zamu yake ya bia za meza nzima. Carmel akanunua yake. Mimi nilikuwa na furaha ya namna fulani, nilikuwa nawaza kesho, Majabali ya Moher ni maili tano tu kutoka pale. Nilikuwa nimeyapanga maneno: Nuala, sakafu itamwagwa Septemba, tuoane Oktoba. Mafupi, yenye tarehe.

Mzee Packie aligonga sakafu kwa kisigino. Watu wakanyamaza.

"Sasa," akasema, "nyamazeni ninyi Wajerumani, na anayekohoa atoke. Nataka wimbo kwa mjukuu wa dada yangu, Nuala Beirne, anayevuka Jumanne kwenda Boston. Mnajua mambo yalivyo siku hizi, anakwenda kama mtalii na hatarudi haraka, basi asiulizwe chochote na msiseme mlimwona. Na hapo pembeni yake amekaa kijana wake, aliyekubali kutembea naye kuwaaga watu wake wote. Kijana, simama tukuone. Mungu akutie nguvu."

Wakapiga makofi. Nilisimama. Sikujua mtu hufanya nini kingine akiambiwa asimame.

Nilimtazama Nuala. Uso ulikuwa umekwisha rangi. "Jarlath," akasema, "nilidhani Malachy... hapana. Sikudhani. Nilishindwa."

Carmel alikuwa amefunika mdomo. Malachy alikuwa amefumba macho.

Ilikuwa zamu yangu kununua. Basi nikaenda kaunta nikanunua, glasi nne, nikangoja bia nyeusi itulie, na bia nyeusi inachukua muda wake kutulia, nikazibeba zote nne bila kumwaga, nikaziweka mezani. Nuala alikuwa anaimba. Sauti yake ni ndogo, haifai baa, lakini hakuna aliyepumua. Mama mmoja wa hapo, ambaye simjui, alinishika mkono wimbo mzima.

Sasa mahesabu yamekuja yenyewe. Maji ya baraka. Sahani za Krismasi. Shanta jepesi, la mtalii. Wengine wangesusa. Kwetu mtu anayekwenda Amerika bila karatasi za kufanya kazi hasemwi kwa sauti, hata jirani wa ukuta mmoja hatalitaja, na kabla ya siku ya safari anazunguka nyumba za damu yake moja baada ya nyingine. Najua desturi hiyo tangu nizaliwe. Nimewaona dada zangu wawili wakiifanya. Nilitembea wiki mbili katikati yake nikidhani ni harusi.

Kila mmoja alidhani mwingine ameniambia. Kaunti tatu nzima zilijua.

Alhamisi, 8 Agosti. Moher

Asubuhi hosteli, kazi kabla ya kadi. Nilipewa viazi vya kumenya, nikamenya zaidi ya nilivyopangiwa. Malachy alikuja akakaa karibu nami akachukua kisu.

"Aliniambia Juni," akasema. "Nikadhani unajua. Siku ya mlima ndipo nikagundua hujui. Nimemsihi kila siku, Jarlath. Kuanzia chini mpaka kileleni nilikuwa namsihi."

"Ungeniambia wewe."

"Lilikuwa neno lake, si langu."

"Unamenya nene mno," nikamwambia. Akaendelea kumenya. Nilimwonea haya kwa yale niliyomfikiria, lakini hasira haikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Mchana tulikwenda majabalini. Carmel alimvuta Malachy wakanywe chai, tukabaki wawili. Upepo ulikuwa unapandisha mvua kutoka baharini kwenda juu, inakupiga kidevuni. Hatukuona chochote. Tumevuka nchi nzima kuyaona Majabali ya Moher na palikuwa na ukungu tu na kelele.

"Ungeniambia lini?" nikamuuliza.

"Kila siku. Kila nilipofungua mdomo ulinieleza dirisha. Sakafu. Bomba la maji. Jarlath, ulikuwa unanijengea na mimi nilikuwa nimeshalipia tiketi, ningesemaje?"

"Kwa midomo."

"Kiwanda kimefungwa. Nimeandika maombi ya kazi mpaka kalamu imekwisha. Nikae jikoni nikikungoja utoke uani?"

"Watu wanafanya hivyo."

"Najua wanafanya."

Tukasimama. Koti lake lilikuwa linapigapiga.

"Njoo na mimi," akasema. "Boston wanajenga. Mtu kama wewe kule..."

"Nina vijana watatu wanaonitegemea. Nina ua."

"Ndiyo. Nilijua." Alijifuta uso, mvua au si mvua sijui. "Basi huna neno lolote la kuniambia? Hata moja?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa pale pale, kooni, lina uzito kabisa. Lakini niliona baa nzima ikinipigia makofi. Niliona Sista akinishukuru, na Delia akiniita maskini. Kaunti tatu zimenionea huruma, halafu nipige magoti kwenye tope nimwombe mtu aliyeshalipia tiketi? Mimi?

"Mvua inazidi," nikasema. "Turudi."

Alinitazama kidogo zaidi. Halafu akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeuliza bei dukani akaambiwa.

Ijumaa, 9 Agosti

Basi mpaka nyumbani. Nuala alikaa dirishani. Carmel aliniambia kwa sauti ya chini kituoni Galway, "Sema kitu, Jarlath. Hata tusi." Nikamwambia kama nina tusi nitampa yeye kwanza. Hakucheka.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeanza kumwaga sakafu. Vijana wanasema tungengoja Septemba. Nimesema nani mwenye ua.

Jumapili, 11 Agosti

Misa. Alikaa safu ya tatu na wazazi wake. Sikusimama mlangoni baadaye.

Jumatatu, 12 Agosti

Usiku wa kumuaga, nyumbani kwa akina Beirne. Majirani wote, mapaja ya nguruwe mawili, mikate, wiski, meza imetolewa nje ili watu wacheze. Zamani waliuita mkesha, kama wa maiti, na sioni kwa nini waliacha. Baba yake, Mzee Tommy, alicheza naye kwanza, kwa uangalifu, kama anayebeba kioo. Mama yake hakukaa kabisa, alikuwa anamimina chai hata kwenye vikombe vilivyojaa.

Mama huyo alikuwa ananiangalia. Kila nilipomsogelea Nuala, aliacha birika akatulia. Nilidhani ananichukia.

Nilicheza na Nuala mara moja, kwa sababu kutocheza kungeonekana. Alininukia sabuni.

"Nani atanipeleka Shannon?" akauliza. "Gari la baba halifiki."

"Mimi."

"Si lazima."

"Gari linanuka saruji," nikasema.

Aliweka paji la uso begani kwangu mpaka wimbo ukaisha. Kama kulikuwa na wakati, ndio huo. Wimbo ukaisha, jirani mmoja akamdai zamu yake.

Jumanne, 13 Agosti

Mama yake alimuaga getini, hakuja. Hilo nalo ni desturi. Tulikaa watatu mbele: mimi kwenye usukani, Nuala katikati, Mzee Tommy mlangoni. Maili themanini na kitu. Mzee alisema habari za majani yaliyooza mashambani, na udongo wa mboji tunaochoma badala ya kuni, ambao haujakauka, na nani anauza ndama. Nuala alikuwa anajibu kila jambo. Goti lake lilikuwa linagusa gia, na kila nikibadilisha gia ilibidi alisogeze.

Uwanja wa ndege ulijaa vijana wenye mashanta, wote wamevaa kitalii, kamera shingoni, na wazazi wote wamevaa nguo za misa. Mtu angetucheka. Mzee Tommy alimpa binti yake mkono, kama wanaume wanavyofanya mnadani, akautikisa mara kadhaa, kisha akageuka akalitazama tangazo la ukutani.

Nuala alikuja kwangu.

"Haya, Jarlath."

"Haya."

"Umechelewa kuamka leo? Hujanyoa."

"Sikulala."

"Mimi pia." Alingoja. Watu walikuwa wanampita kushoto na kulia, mkanda wa shanta lake umejikunja begani. Niliunyoosha. Alikuwa bado anangoja.

"Usikae karibu na dirisha," nikasema, "kuna baridi."

"Sawa," akasema. "Asante." Akaenda. Mlangoni hakugeuka, ila alisimama, mgongo kwetu, kwa muda wa kutosha mtu kumwita jina.

Mzee Tommy hakusogea katikati wakati wa kurudi. Alikaa mlangoni vilevile, pale kati pakabaki wazi. Tulipita Limerick. Tulipita Athlone mvua ikaanza. Ndipo akakohoa.

"Jarlath. Mama yake amenituma nikwambie jambo, na mimi si mtu wa maneno."

"Sema, mzee."

"Tunakushukuru."

"Kwa lifti? Si kitu."

"Si kwa lifti. Kwa kutomwomba abaki." Alikuwa anaongea na kioo cha mbele. "Alimwambia mama yake tangu Juni. Alisema, 'Jarlath akiniomba nibaki, mama, nitabaki.' Hakusema zaidi ya hapo. Mama yake hajalala kiangazi kizima. Kila ulipobisha mlango tulisema, ni leo. Jana usiku wakati mnacheza nilidhani ataangusha birika."

Nilibadilisha gia.

"Usituelewe vibaya. Tungefurahi uwe mwanetu. Lakini angekaa hapa afanye nini, bila kazi, azeeke akitazama barabara? Mama yake naye alikuwa na tiketi, mwaka wa hamsini na sita. Meli ya kutoka Cobh. Kuna mtu alimwomba abaki, akabaki." Alifuta ukungu kiooni kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyemwomba. Kwa hiyo mama yake anajua wewe umefanya nini. Si kila mwanaume angeweza, Jarlath. Kujua neno moja linatosha, halafu kulimeza."

Niliitazama barabara. Ningeweza kumwambia sikujua. Ningeweza kumwambia kilichonifunga mdomo hakikuwa wema, kilikuwa hasira tu, na aibu ya makofi ya watu wa baa.

"Alitaka kwenda, mzee," nikasema.

"Alitaka," Mzee Tommy akasema. "Lakini si sana."

Tukafika nyumbani kwao. Mama yake Nuala alikuwa bado getini, amejifunika gunia kichwani kwa mvua, sijui alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi au alisikia gari. Hakumuuliza mumewe chochote. Alizunguka mpaka upande wangu, nikateremsha kioo, akaingiza mikono yote miwili akaushika mkono wangu uliokuwa kwenye usukani. Mikono yake ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

"Mungu akulipe, mwanangu," akasema. "Mungu akulipe kwa ulichomfanyia."

Nikamwacha anishukuru.